Sheria Hii Inamlinda Nani? Niliyojifunza Bwenini

Mtoto wa dada yangu anaingia kidato cha kwanza Januari, shule ya bweni ya wasichana. Fomu ya kujiunga ameisoma mpaka ameikariri: godoro la futi mbili na nusu, shuka mbili za rangi moja, ndoo yenye mfuniko, jembe lenye mpini, fagio la chelewa, rimu ya karatasi, viatu vyeusi vya kamba. Baada ya vifaa yanafuata makatazo, nayo ni mengi kuliko vifaa. Akaniuliza, "Mamdogo, mtu anaishije na sheria zote hizi?" Nikamwambia nitamwandikia, maana jibu lake ni refu, na wazazi wengine wenye mtoto anayeondoka nyumbani kwa mara ya kwanza huenda nao wakalihitaji.

Mimi nilisoma sekondari ya serikali kule Njombe, miaka ambayo Njombe ilikuwa bado wilaya ndani ya mkoa wa Iringa. Ada ya bweni katika shule za serikali ilikuwa shilingi 70,000 kwa mwaka, na wenzangu wengi walilipiwa kwa mahindi au viazi vilivyouzwa msimu huohuo, nusu Januari, nusu Julai. Tulikuwa wasichana wa Makete, Ludewa na Mufindi, na wachache wa Mbeya na Dar es Salaam, tumepangwa kwenye vitanda vya dabodeka, ukinyoosha mkono unamgusa jirani. Ukiishi hivyo, sheria inakuwa nawe kuanzia unapofumbua macho mpaka taa inapozimwa. Usipoielewa inakuchosha kuliko hesabu na fizikia.

Kilichonisaidia ni tabia ya metroni wetu. Alikuwa mama mtu mzima, hapigi mtu, hapazi sauti, na kila alipotutangazia katazo alimalizia kwa kumtaja mtu. "Msimwage maji ya kufulia mlangoni, mpishi anapita hapo gizani amebeba kuni." "Msicheke mwenzenu akilia usiku wiki hizi za kwanza, wapo ambao hawajawahi kulala nje ya nyumba ya mama yao." Nilimsikiliza hivyo muda mrefu mpaka nikaanza kujiuliza mwenyewe kila nilipokutana na sheria mpya: hii inamlinda nani? Ukishamwona mtu huyo, sheria utaifuata hata mwalimu wa zamu akiwa amelala. Na ukitafuta ukakosa kabisa wa kumwona, hapo pana jambo la kuulizia. Zilikuwepo za namna zote mbili, nitazisimulia zote.

Nianze na maji, kwa sababu siku yetu ilianza na maji. Kengele ilikuwa ringi ya lori iliyoning'inizwa kwenye mkaratusi, ikipigwa kwa kipande cha nondo saa 10:30 alfajiri. Kwa asiyeijua Njombe: mwezi wa Juni na Julai asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe kwa barafu, na maji ya bomba yanauma vidole kama umeshika jiwe la moto. Mabomba yalikuwa machache na sisi tulikuwa mamia. Kila mtu alihitaji ndoo ya kuoga, kisha yapatikane ya kudekia bweni na ya kusafishia vyoo kabla ya namba kuitwa.

Nilipoingia nikiwa njuka, yaani mwanafunzi mgeni, mpangilio wa pale bombani ulikuwa wa nguvu. Wakubwa walikuja wakasogeza ndoo za wadogo nyuma, wakachota, wakaondoka. Mtoto wa kidato cha kwanza angeweza kufika wa kwanza akachota wa mwisho, akachelewa namba, akaadhibiwa kwa kuchelewa. Kila hatua ilikuwa halali kwa maandishi, maana hakuna sheria ya shule iliyosema lolote kuhusu foleni ya ndoo.

Dada mkuu wa mwaka uliofuata ndiye aliyeibadilisha hali hiyo, na alivyofanya sijasahau. Jioni moja wakati wa namba alitangaza kwamba kuanzia kesho ndoo iliyowekwa kwenye foleni ni mtu. Mwenye ndoo akienda kufagia eneo lake, akienda chooni, akirudi kuchukua sabuni, ndoo yake inabaki pale ilipo na hakuna wa kuisogeza, awe wa kidato cha nne, awe kiranja. Maneno hayo peke yake yasingebadili kitu. Kesho yake alfajiri tulimkuta ameweka ndoo yake nyuma ya ndoo za watoto wa kidato cha kwanza, amejifunga khanga kichwani, anasubiri zamu yake kwenye baridi. Viranja wengine waliokuja kuchota kwa mazoea walimwona wakarudi nyuma wenyewe. Ndani ya wiki chache ugomvi wa bombani ulikwisha.

Kwenye ile foleni nilijifunza mambo mawili kwa mpigo. La kwanza, sheria inayofaa zaidi inaweza kuwa haimo kabisa kwenye fomu; wanafunzi ndio wanaoiona haja yake kwa sababu wao ndio wanaoishi pale. La pili, sheria inasimama pale mwenye cheo anapoifuata mbele ya macho ya watu. Nilipokuja kuwa kiranja wa bweni nilishika hilo la pili kuliko yote niliyoambiwa kwenye semina ya viongozi. Kama nilitaka zamu ya vyoo iheshimiwe, jina langu lilikaa kwenye zamu ya vyoo.

Bwaloni nako kulikuwa na sheria ya namna hiyo. Tulikula kwa meza, ugali kwenye sinia na maharage kwenye bakuli, nyama siku moja ya wiki. Kila meza ilikuwa na mgawaji, na mgawaji alichukua cha mwisho. Hakuna mwalimu aliyeitunga sheria hiyo, tuliikuta. Siku ya nyama ungeona mtu anavyogawa kwa uangalifu, anavyolinganisha kipande chenye mfupa na kisicho na mfupa, kwa kuwa anajua kitakachobaki ndicho chake. Mgawaji wa meza yetu wa kidato cha pili alikuwa na njaa kama sisi wote, na sikumbuki hata siku moja mtu wa meza ile aliyenung'unika. Baadaye nimekaa kwenye vikundi vya kukopeshana na kwenye kamati za misiba, na kila panapotokea cha kugawa namtafuta kwa macho yule wa kuchukua mwisho. Asipokuwepo, najua manung'uniko yako njiani.

Kuhusu nywele sitakaa sana. Wasichana wengi wa shule za serikali hunyolewa, na najua wazazi wanaolia siku ya kumnyoa binti. Kwetu sababu ilionekana bila kuelezwa: maji hayakutosha, muda wa asubuhi haukutosha, na aliyetoka Ludewa bila shilingi ya msusi alionekana sawa na aliyetoka Oysterbay. Sare ilifanya kazi hiyohiyo. Sweta la kijani likishavaliwa, hujui nani baba yake ana gari. Wapo wanaoona kunyolewa kunamvunjia msichana heshima, na hoja yao naielewa. Kwa hali ya shule yetu, niliona kunamlinda maskini, na bado naona hivyo.

Tranka ni habari nyingine. Kufuli linawekwa, lakini kinacholinda mali bwenini ni makubaliano kwamba kuazima bila kuomba ni wizi, hata kama ni kijiko cha sukari, hata kama mwenyewe angekupa. Mtoto anayetoka kwenye nyumba ya ndugu wengi anaona ajabu. Nyumbani sabuni ni ya wote. Bwenini sabuni ya mche ya mwenzako imepigiwa hesabu na mama yake iishe siku wanafunzi wanapofunga shule. Ukiikata kidogo bila kumwambia, wiki ya mwisho anafua kwa maji matupu. Kwa hiyo mwanangu, omba. Ukinyimwa, usikasirike, amekwambia kile alichoweza.

Kitu kimoja tu kilikuwa nje ya makubaliano hayo, nacho ni pedi. Wengi wetu tulitumia vitambaa, na vitambaa vinahitaji maji, jua la kuvianika na mahali pa faragha, mambo ambayo Njombe ya mvua haitoi kwa urahisi. Desturi ya bweni letu ilikuwa kwamba aliyenazo akiombwa anatoa, na aliyepewa hadaiwi. Metroni aliweka boksi ofisini kwake, mwenye ziada anatia, mwenye shida anachukua, na hakuweka daftari la majina. Nimwambie kila mzazi anayefungasha tranka mwezi huu: weka pakiti za mwanao, na ukiweza ongeza moja ya mtu usiyemjua.

Muda wa kujisomea usiku, prepo, ulianza saa 1:30 ukaisha saa 4:00, kimya kabisa. Sheria ya kimya iliwasumbua sana wanafunzi wepesi wa kuelewa. Wanamaliza kazi mapema, wanataka kupiga soga, wanaona wamefungwa midomo bila sababu. Mimi nilikaa dawati moja na msichana aliyesoma polepole, akifuata mstari kwa kidole, akirudia sentensi mpaka imwingie. Akisikia mnong'ono alirudi mwanzo wa ukurasa. Saa mbili na nusu za kimya zilikuwa ndizo muda wake pekee wa kuwafikia wengine, maana darasani mwalimu hamsubiri. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, alikuwa amefaulu kuendelea na kidato cha tano. Kwa hiyo mtu akiniambia kimya cha prepo ni jela, mimi namwona yule na kidole chake.

Kazi za shamba zilikuwa Jumamosi. Elimu ya kujitegemea imekuwa sehemu ya shule za Tanzania tangu mwaka 1967, na sina ugomvi nayo. Tulilima mahindi, maharage na viazi, tukaviona vinafika bwaloni. Mikono yetu ilijua ugali umetoka wapi. Palipotuuma ni siku chache tulizopelekwa kulima shamba la mtu binafsi, tukaambiwa ni sehemu ya mafunzo. Watoto wanatofautisha mambo hayo haraka sana. Jembe lilelile, jua lilelile, lakini Jumamosi za namna hiyo tulirudi bila wimbo.

Sasa nifike kwenye zile ambazo mtu wa kulindwa sikumwona.

Shule yetu ilikuwa na kibao. Kilikuwa kipande cha ubao chenye kamba, kinavaliwa shingoni na aliyekutwa akizungumza Kiswahili. Alikaa nacho mpaka amnase mwenzake, naye ampe, na jioni waliokivaa wote walitajwa mstarini wakaadhibiwa. Nia ilikuwa tujue Kiingereza, na nia hiyo ni ya kweli, kwa kuwa mtihani wa taifa wa masomo karibu yote unaandikwa kwa Kiingereza. Lakini fikiria mtoto aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili, akapata kozi ya Kiingereza ya wiki chache, kisha akaambiwa kuanzia leo usiseme unachokijua. Alichofanya ni kunyamaza. Nilikuwa na rafiki kutoka Makete, hodari wa hesabu, ambaye miezi ya kwanza alitufundisha bwenini jinsi ya kutafuta kigawo kikubwa cha shirika, kwa Kiswahili safi, tukaelewa kuliko darasani. Kibao kilipoanza kuzunguka mpaka bwenini, aliacha kutufundisha. Hakuwa na maneno ya Kiingereza ya kulieleza jambo lile, na ya Kiswahili yalikuwa na adhabu. Tukapoteza mwalimu. Mbaya zaidi, kibao kilitufundisha kuviziana. Watu walikaa nyuma ya mabafu wakisubiri mwenzao ateleze ulimi.

Kiingereza nilichonacho leo nilikipata kwa mwalimu mmoja wa lugha aliyeanzisha mdahalo kila Ijumaa usiku. Sheria yake ilikuwa moja: anayemcheka aliyekosea ndiye anayepanda jukwaani baada yake. Wote tukalindwa, wajuzi na wasiojua. Rafiki yangu wa Makete alisimama pale kwa mara ya kwanza akasema sentensi tatu zilizopinda, tukapiga makofi, na mwaka uliofuata alikuwa msemaji mkuu wa upande wa upinzani. Kwa macho yangu nimeona lugha ileile ikikimbizwa kwa woga na ikivutwa kwa heshima. Shule ambazo bado zina kibao, naziomba zikichome jikoni.

Fimbo nayo lazima niiseme, kwa kuwa mtoto wangu anakwenda kuikuta. Tanzania Bara bado inaruhusu adhabu ya viboko shuleni, tofauti na Kenya iliyoifuta mwaka 2001. Wanafunzi wengi na wazazi wengi hawajui kwamba kuna kanuni za serikali zinazoibana fimbo yenyewe. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne kwa kosa. Mwenye mamlaka ya kuchapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Msichana anachapwa na mwalimu wa kike, isipokuwa kama shule haina mwalimu wa kike. Na kila adhabu inaandikwa kwenye kitabu maalumu: jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya viboko, na aliyechapa. Mimi nilimaliza kidato cha nne bila kuwahi kukisikia kitabu hicho. Nilichapwa pamoja na darasa zima kwa kosa la mtu asiyejulikana, nikahesabu zaidi ya vinne, na nilidhani mwalimu ana haki yote.

Moyoni ningependa fimbo iondoke kabisa. Metroni wetu hakuwahi kuishika, na bweni lake lilikuwa na nidhamu kuliko darasa lolote la wenye fimbo. Lakini maadamu ipo, mtoto ajue mpaka wake, na mzazi ajue. Sheria ya shule inamfunga mwanafunzi asubuhi mpaka usiku. Na mwalimu naye amefungwa na yake. Siku ya kwanza ya kikao cha wazazi mtu akinyoosha mkono akaomba kuambiwa kitabu cha adhabu kinakaa ofisi gani, hajamkosea mtu adabu.

Kuna sheria moja ambayo kuiandika kunanitia uchungu mpaka leo. Kila tulipofungua shule tulipimwa mimba. Tulipanga mstari nje ya chumba cha zamu, mmoja mmoja, na tulisubiri majibu kama watu waliofanya kosa. Mwanzoni mwa muhula mmoja mwenzetu wa bweni hakurudi kwenye mstari. Tulimwona mchana, tranka lake likiwa mlangoni, akisubiri mjomba wake aje kumchukua. Mwalimu alitukataza kumsogelea. Aliyempa mimba alijulikana kijijini kwao, mtu mzima mwenye duka, na hakuna mstari wowote aliopangwa yeye. Metroni peke yake ndiye aliyetoka akakaa naye kwenye ngazi mpaka mjomba alipofika.

Wakati ule tulielezwa kwamba sheria inawalinda wanafunzi wengine wasiige. Nilitafuta kwa dhati niwaone hao wanaolindwa, na mimi mwenyewe nilipaswa kuwa mmoja wao. Sikujiona nimelindwa. Niliona kwamba msichana akidhurika, anadhurika mara mbili, na kwamba akipata shida ataificha mpaka iwe kubwa. Hilo ndilo tulilojifunza wote siku ile, na ni somo baya kumfundisha mtoto wa miaka 15.

Mambo yamebadilika, ingawa kwa kuchelewa. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, na anayempa mwanafunzi mimba anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Mwaka 2017 Rais Magufuli alitamka hadharani kwamba aliyezaa hatarudi shuleni chini ya serikali yake, na nilipolisikia nilimfikiria mwenzetu yule. Kisha Novemba 2021, Waziri wa Elimu Joyce Ndalichako akatangaza kwamba wanafunzi waliokatisha masomo kwa sababu ya kujifungua wanaruhusiwa kurudi katika shule za kawaida. Nimemwandikia mtoto wa dada yangu habari hii bila kuzungusha maneno, kwa sababu nataka ajue mambo mawili: mwili wake ni wake, na likimtokea jambo lolote, njia ya kurudi ipo na nyumba yangu ipo. Wazazi wengi huogopa kumwambia binti maneno haya wakidhani wanamruhusu. Binafsi ninaamini kwamba binti anayejua ana pa kukimbilia husema mapema, na kusema mapema ndiko kunakookoa.

Simu. Zama zetu tuliandika barua, na simu ya mezani ilikuwa ofisini kwa mkuu wa shule, inalia kwa habari za msiba tu. Leo katazo la simu ndilo linaloleta ugomvi mwingi kati ya wazazi na shule. Mimi niko upande wa shule. Fikiria bweni lenye wasichana wengi wanaobadilisha nguo, na mmoja ana kamera. Fikiria prepo, na yule wa kidole kwenye mstari. Lakini shule inayokataza simu ina deni la kumpa mtoto njia nyingine ya kusikia sauti ya mama yake. Shule atakayokwenda mtoto wetu ina simu kwa metroni, Jumapili mchana, kila mtu kwa dakika zake. Mzazi ambaye anamfichia mwanae simu ndani ya mto wa kulalia anamfundisha kwamba makubaliano ni ya watu wengine. Usifanye hivyo, dada yangu. Najua ulishaanza kufikiria.

Nimeacha mwisho sheria ambayo naomba isivunjwe kwa sababu yoyote ile, nayo ni ya mshumaa.

Kwetu taa zilizimwa saa 4:30 usiku, na umeme ulikatika mara nyingi kabla ya hapo. Kidato cha nne ikikaribia Novemba, kila mtu anataka kukesha. Mshumaa chini ya kitanda, blanketi limening'inizwa kuficha mwanga, daftari la baiolojia mapajani. Metroni alikuwa mpole kwa mambo yote isipokuwa hili. Akikuta mshumaa bwenini, mwenye nao alikwenda kulala chumbani kwa metroni wiki nzima. Alituambia kuhusu Shauritanga, Kilimanjaro, Juni 1994, ambako zaidi ya wasichana 40 waliteketea bwenini. Alisema na sisi godoro zetu ni za sponji, zinawaka kabla hujaamka. Kisha alikwenda kwa mkuu wa shule akaomba darasa moja liachwe wazi usiku na taa ya karabai, na mlinzi mlangoni, kwa ajili ya wanaotaka kusoma. Alikataza, na papo hapo akafungua njia nyingine. Ndiyo maana tulimtii.

Agosti 2009 nilikuwa nimeshamaliza shule nilipopata habari za Idodi, Iringa, mkoa wetu wenyewe. Wasichana 12 walikufa kwa moto bwenini usiku, na ilielezwa kwamba chanzo ni mshumaa wa aliyekuwa akijisomea. Nilikaa nikawaona wenzangu wote wa dabodeka, mmoja baada ya mwingine. Yule mwenye mshumaa hakuwa mtoto mtukutu. Alikuwa anataka kufaulu.

Ila mshumaa ni nusu ya habari. Kule Kyanguli, Machakos, nchini Kenya, Machi 2001, walikufa wavulana 67. Moto uliwashwa kwa makusudi, lakini mlango mmoja wa bweni ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Mwanafunzi anaweza kuzishika sheria zote, akazima mshumaa, akalala kwa wakati, na bado akafa kwa sababu ya kufuli lililowekwa na mtu mzima. Kwa hiyo siku ya kumpeleka mtoto, ukishalipa michango na kukabidhi rimu na fagio, usiondoke hapo hapo. Omba kuliona bweni. Hesabu milango na uone inafunguka kuelekea nje au ndani. Tazama kama kuna dirisha lisilo na nondo, na kama ndoo za mchanga na mtungi wa kuzimia moto vipo mahali mtoto anapoweza kufika. Kisha muulize metroni, kwa upole na kwa heshima yake yote, funguo za bweni usiku anakaa nazo nani, na anayekaa nazo analala umbali gani kutoka mlangoni. Mimi na dada tutakwenda wote Januari, na tumeshakubaliana kwamba swali hilo nitaliuliza mimi.